Kangundo: Kukarabati bangalo kongwe bila kuipokonya haiba yake

ABIRIA anayetoka Nairobi kuelekea Kangundo hupita kwanza katika mitaa mipya ya Ruai, Kamulu, Joska na Malaa. Huko majengo huchipuka kama uyoga baada ya mvua, mengi yakiwa na paa la rangi ya samawati au kijani, madirisha mapana ya alumini na nguzo nene zisizobeba chochote cha maana. Baada ya Tala mandhari hubadilika. Nyuma ya ua na mikahawa iliyozeeka hutokeza nyumba za aina nyingine: za chini, zenye kuta za mawe yaliyochongwa kwa mkono au matofali ya kuchoma, baraza mbele, madirisha ya chuma yaliyogawanywa kwa vioo vidogo vidogo, na mabati ambayo kutu imeyatia wekundu unaofanana na udongo wa mahali penyewe.

Hizo ndizo bangalo za wazee. Wengi wa waliozijenga wamekwisha kufariki, na warithi wao wanafanya kazi Nairobi, Mombasa au ughaibuni. Kila Desemba wanaporudi nyumbani hukuta dari imelegea zaidi, mlango wa jikoni haufungi na ukuta wa magharibi umeota ukungu. Ndipo mjadala unapozuka. Mmoja husema nyumba ibomolewe, mahali pake pajengwe vyumba vya kupangisha. Mwingine hutaka ikarabatiwe, lakini kwa kuipachika kila kitu alichokiona katika mitaa mipya. Mama mzee, ambaye bado analala humo, mara nyingi haulizwi.

Makala haya yanaeleza jinsi nyumba ya namna hiyo inavyoweza kufanywa kavu, salama na ya kupendeza kuishi, huku sura yake ikibaki ile ile iliyowafanya majirani waelekezane njia kwayo.

Zilikotoka nyumba hizi

Neno bangalo asili yake ni Bengal, kule India, ambako lilihusu nyumba ya chini yenye baraza. Waingereza waliupenda mtindo huo kwa sababu ulifaa nchi zenye jua kali na mvua nyingi, wakaueneza katika makoloni yao. Hapa Kenya mikono iliyoujenga ilikuwa ya waashi na maseremala wa Kihindi na wa Kiafrika.

Kangundo iliuona ujenzi wa kigeni mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Africa Inland Mission, iliyoanzisha kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, ilifungua kituo Kangundo muda mfupi baadaye, kabla ya makao yake makuu kuhamishiwa Kijabe mwaka 1903. Upande wa kaskazini, chini ya Kilimambogo, tajiri mzaliwa wa Marekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa. Ndiye aliyemkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake jingine la Juja mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1925 alizikwa kwenye mlima huo huo wa Kilimambogo.

Hata hivyo, nyumba nyingi zinazozungumziwa hapa hazikujengwa na wamishonari wala walowezi. Zilijengwa na walimu, machifu, wafanyabiashara, askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa na akiba zao, na baadaye wakulima wa kahawa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika mlango mpana zaidi wa kupanda zao hilo. Baridi kali ilipoharibu mikahawa ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ya dunia ilipanda vibaya sana, na miaka ya 1976 na 1977 ikawa ya neema katika milima ya Machakos. Fedha hizo zililipa karo, zikanunua magari ya mizigo, na zikajenga nyumba. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei zilianguka. Nyumba zikabaki, ila pesa za kuzitunza hazikubaki.

Ni vyema kuyakumbuka hayo kabla ya kuinua nyundo. Mzee aliyejenga baraza pana mbele ya nyumba yake hakuwa akimwiga mzungu tu. Katika boma la Wakamba kulikuwa na thome, mahali pa nje ambapo wanaume walikaa jioni kando ya moto, wakapokea wageni na kukata mashauri. Baraza la bangalo lilichukua nafasi hiyo. Anayelizungushia kioo na vyuma ili apate chumba cha ziada amepata chumba, lakini ameondoa sehemu ya nyumba iliyokuwa na kazi kubwa kuliko sebule.

Haiba ni nini hasa

Haiba ya nyumba ya zamani si fumbo. Ni jumla ya mambo machache yanayoweza kuhesabiwa: uwiano kati ya paa na ukuta, kivuli cha baraza, ukubwa wa madirisha, mawe yasiyolingana sawasawa kwa sababu yalichongwa na mkono wa mtu, milango ya mbao nzito, sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta miaka hamsini, na meko ya sebuleni yenye dohani inayoonekana kutoka barabarani. Ukiondoa moja, nyumba hustahimili. Ukiondoa matatu, inakuwa nyumba nyingine yenye umri mkubwa na sura ya jana.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni daftari, kamera na futi ya kupimia. Kila chumba kipigwe picha kutoka pembe zote nne kabla ya kitu chochote kuondolewa. Vipimo vya madirisha, upana wa ubao wa ukingo wa paa, hata rangi zilizojificha chini ya rangi za juu, viandikwe. Fundi akishavunja, kumbukumbu za ndugu huanza kutofautiana, na kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo sahihi.

Maji kwanza

Adui mkubwa wa bangalo ni maji, na kila kazi nyingine hungoja mpaka hilo limalizwe. Kangundo hupata mvua katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katika Ukambani ile ya vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi. Mwenye nyumba mwenye busara huitembelea siku inayonyesha, si siku ya jua. Ataona mahali maji yanapoingia, yanapotuama na yanaporukia ukuta kwa kukosa mfereji kwenye ukingo wa paa.

Mabati ya zamani yana sifa ambayo wengi huipuuza: ni mazito. Namba ya geji huenda kinyume cha unene, yaani namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Mabati mengi yanayouzwa leo kwa nyumba za kawaida ni ya geji 30 au 32, ilhali ya zamani mara nyingi yalikuwa ya geji 26 au hata 24. Bati kama hilo lenye kutu ya juu tu laweza kusuguliwa, kupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuendelea kufanya kazi. Lililotoboka libadilishwe kwa bati la mawimbi kama lake. Mabati ya kisasa yaliyokunjwa yaonekane kama vigae si mabaya, lakini juu ya ukuta wa mawe ya mwaka 1950 hufanana na kofia ya kukodi.

Kosa la hatari zaidi ni lile la kupandisha hadhi. Mabati huwa na uzito wa kilo kama 5 kwa kila mita mraba. Vigae vya saruji hupita kilo 40. Kenchi zilizotengenezwa kubeba bati haziwezi kubebeshwa mzigo mara nane yake, na matokeo huonekana polepole: uti wa paa hupinda, kisha kuta za kando zinaanza kusukumwa nje. Nyumba iliyojengwa kwa vigae vya udongo vya aina ya Mangalore, kwa upande mwingine, ina kenchi za kutosha, na vigae vyake vyema vistahili kukusanywa upande wa mbele unaoonekana, huku vipya vikiwekwa nyuma.

Mifereji ya paa ikishawekwa, nyumba huanza kulipa deni lake. Paa la mita mraba 150 likinyeshewa milimita 10 tu humwaga lita 1,500 za maji, pungufu kidogo kwa yanayopotea. Katika eneo ambalo wengi hununua maji kwa mtungi, tangi nyuma ya nyumba si urembo.

Kisha yatazamwe maji ya chini. Kwa miaka mingi udongo hufagiliwa, hupandwa maua na kusombwa na mvua hadi ukakuta umepanda kimo cha sakafu. Bangalo nyingi kongwe hazina utando wa lami wa kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, kwa hivyo maji hupanda ndani ya jiwe kama mafuta katika utambi. Tiba ya kwanza ni rahisi kuliko dawa zote zinazouzwa kwa mkebe: chimba udongo ule ushuke walau sentimita 15 chini ya sakafu, uinamishe ardhi itoke nyumbani, na uache ukuta ukauke msimu mzima. Ukungu mwingi huondoka wenyewe.

Saruji, rafiki wa uongo

Hapa ndipo mafundi wazuri hukosea kwa nia njema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba kongwe yafaa kuongezwa kwamba anayeziba ufa bila kuuliza umetoka wapi naye huishia kuujenga ukuta.

Kuta nyingi za zamani ziliunganishwa kwa udongo au kwa chokaa na mchanga, kisha viungo vya nje vikapigwa saruji nyembamba. Viungo hivyo laini huruhusu unyevu utoke na kuta zijongee kidogo joto na baridi vinapopishana. Saruji ngumu ikikandikwa juu ya ukuta mzima hufunga mlango huo. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea isipokuwa ndani ya chumba, lipu hububujika, na matofali yaliyochomwa kwa moto hafifu huanza kumomonyoka nyuma yake bila mtu kuona. Njia bora ni kukwangua kiungo kilichooza kwa tindo nyembamba na kukijaza kwa mchanganyiko laini kuliko jiwe lenyewe: chokaa moja kwa mchanga tatu, au pale panapohitajika nguvu zaidi, saruji moja, chokaa moja na mchanga sita.

Wakazi wa pwani wanalifahamu jambo hili tangu kale. Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wanaozikarabati nyumba zake hujifunza kuiogopa saruji. Kangundo si Lamu, lakini fizikia ya ukuta ni ile ile.

Rangi ya plastiki juu ya mawe ya nje ina kasoro hiyo hiyo, na zaidi ya hayo huficha kazi ya mikono ambayo leo ni ghali kuinunua. Jiwe lililochongwa halihitaji rangi. Lioshwe kwa maji na brashi laini, basi.

Kuhusu nyufa, zipo zilizolala na zilizo hai. Kuzitofautisha hakuhitaji mtambo. Kipande chembamba cha kioo hubandikwa kwa saruji kuvuka ufa, na tarehe huandikwa kando yake. Kikikatika kabla ya misimu miwili ya mvua kupita, ukuta unatembea, na hapo anahitajika mhandisi wa majengo, si mpaka rangi. Chanzo huwa mkaratasi au mjakaranda uliopandwa karibu mno, bomba linalovuja chini ya msingi, au udongo wenyewe. Mlimani udongo mwekundu hutulia. Kwenye tambarare za kuelekea Malaa na Joska, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huinua na kushusha nyumba kama pumzi.

Anayedhani tahadhari hizi ni za kupitiliza akumbuke Beit al-Ajaib ya Zanzibar. Jengo hilo lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultani Barghash, fahari ya Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu mnamo Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo kongwe hubeba uzito wake kwa njia alizozijua aliyelijenga. Ukuta unaoonekana kama kizuizi cha kugawa vyumba huenda ndio unaoshikilia paa, na anayetaka kuunganisha sebule na chumba cha kulia apate kwanza mtaalamu aliyepanda darini akaona kenchi zimekalia wapi.

Mchwa, mbao na dari

Katika udongo mwekundu mchwa hawakosekani. Njia zao za udongo hupanda ukutani kwa siri, mara nyingi nyuma ya fremu ya mlango. Ubao ukigongwa kwa kishikio cha bisibisi na ukatoa sauti ya mtungi mtupu, umekwisha kuliwa. Kabla ya kuukata, ni vizuri kujua ni mti gani. Maseremala wa zamani walitumia mtarakwa na mvule, miti ambayo mchwa huiepuka, na mara nyingi kilichooza ni ncha tu iliyogusa ukuta wenye unyevu. Ncha hiyo hukatwa na kuungwa kipande kipya, na sehemu nyingine ikaendelea kwa miaka hamsini mingine. Ni kazi ya subira, na Ukambani ambako uchongaji wa vinyago ulienea kutoka Wamunyu baada ya Mutisya Munge kurudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mikono inayolielewa gogo haijapungua.

Milango ya mbao nzito isitupwe. Mara nyingi ugonjwa wake ni tabaka saba za rangi na bawaba zilizolegea. Lakini rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa watoto. Zisisuguliwe kwa msasa zikiwa kavu. Zilowekwe kwa dawa ya kulainisha, zikwanguliwe, na takataka zake zisimwagwe shambani.

Juu ya dari kuna hatari nyingine isiyochezewa. Mabamba ya kijivu ya asbesto yalitumika sana nchini kama paa na hata kama dari. Likiwa zima na halijaguswa, bamba hilo halina madhara makubwa. Likikatwa kwa msumeno, kutobolewa au kusuguliwa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, na maradhi ya mapafu yanayotokana nazo, pamoja na saratani, hujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 huihesabu asbesto miongoni mwa taka hatari, na anayeiondoa, kuisafirisha na kuizika anapaswa kuwa na idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kijana wa kibarua aliyepewa nyundo na kitambaa cha pua hafai, hata akikubali.

Dari za mbao zilizopangwa mbao kwa mbao zafaa kuokolewa. Zile za karatasi ngumu zilizochakaa zaweza kubadilishwa, lakini dari ya jasi yenye ngazi, mawimbi na taa za rangi zilizofichwa ni ya hoteli. Katika chumba cha mita nne hushusha kimo na kukifanya kijisikie kidogo.

Madirisha na sakafu

Likitolewa dirisha la chuma, uso wa nyumba umeondoka. Vioo vyake vidogo huigawa nuru, na fremu yake nyembamba huruhusu mwanga zaidi kuliko alumini nene ya siku hizi. Aidha, dirisha la zamani hufunguka lote, ilhali lile la kuteleza hufungua nusu tu. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, fremu hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kioo kilichopasuka hubadilishwa na kushikizwa upya. Fundi wa vyuma aliye sokoni Tala aweza kunyoosha fremu iliyopinda kwa gharama ndogo kuliko ya dirisha jipya.

Juu ya madirisha hayo huwa na vipenyo vya hewa vyenye wavu. Familia nyingi zimevijaza magazeti ili kuzuia baridi ya Julai. Vizibuliwe. Nyumba isiyopumua huota ukungu, na palipo na jiko la makaa ndani, gesi yake yenye sumu huua watu usingizini. Meko ya sebuleni pia isiwashwe kabla ya dohani kusafishwa, kwa kuwa ndege hupenda kujenga humo.

Sakafu nyekundu ya saruji ndiyo inayopata mashtaka mengi zaidi, nayo haina hatia. Vigae vya kung'aa vikiwekwa juu yake huinua sakafu sentimita kadhaa, milango yote hukatwa chini, kizingiti cha baraza kinapotea, na siku ya mvua wageni huteleza. Nyufa za sakafu ya zamani hujazwa kwa saruji iliyochanganywa na unga mwekundu ule ule, kisha nta na brashi hufanya kazi yake. Kiraka kitaonekana miezi michache ya kwanza. Miguu ya watoto huyamaliza hayo.

Yanayopaswa kuwa mapya

Kuhifadhi sura si kuhifadhi taabu. Nyaya za umeme za miaka ya zamani, zilizofunikwa mpira ambao sasa unakatika kama makaki, ziondolewe zote. Hazikuwekwa kwa ajili ya hita ya bafuni inayovuta kilowati 4 au zaidi, na mara nyingi hazina waya wa ardhi. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Badala ya kuchimba mifereji katika mawe, nyaya mpya zipitishwe darini na kushuka nyuma ya fremu za milango. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu nayo yabadilishwe.

Choo na bafu vya ndani ndivyo huifanya nyumba ikalike kwa mama mwenye umri wa miaka themanini, na mahali pake ni stoo ya zamani au chumba kidogo kinachoongezwa nyuma. Nyongeza yoyote ikae nyuma, paa lake liwe chini ya paa kuu, na isijifanye kongwe. Jiko la kuni la nje liachwe lilipo. Siku ya arusi au matanga litahitajika.

Mfano unaojulikana zaidi nchini wa bangalo iliyovushwa salama ni nyumba ya Karen Blixen, jijini Nairobi. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren, Blixen akaishi humo kuanzia 1917 hadi 1931. Serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986, baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kuvuma, ikafunguliwa kuwa makavazi. Mgeni anayeizuru huona baraza, mawe na dohani kabla ya kuona samani. Tofauti ni kwamba hakuna anayepika ugali humo kila jioni. Nyumba ya Kangundo lazima iweze yote mawili.

Sheria na ndugu

Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, waziri aweza kutangaza jengo kuwa la kulindwa kupitia gazeti rasmi la serikali. Bila tangazo hilo, nyumba ya mtu binafsi haina ulinzi isipokuwa mapenzi ya wenyewe. Kwa vyovyote, kubomoa ukuta, kubadilisha paa kwa umbo jingine au kuongeza vyumba huhitaji idhini ya serikali ya kaunti, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Kizingiti kikubwa zaidi kwa kawaida kimo ndani ya familia. Hati ya ardhi bado iko katika jina la marehemu, na ndugu aliye na fedha hutamani kuanza kazi mara moja. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu mwaka 1981, hairuhusu mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na pale marehemu alipofariki bila wosia akiacha mjane na watoto, mjane ana haki ya kuifaidi mali iliyosalia maisha yake yote. Yule mama asiyeulizwa, kwa hivyo, ndiye wa kwanza kuulizwa. Isitoshe, anayejenga kwa fedha zake katika ardhi ambayo haijagawanywa aandikishe gharama zake na zitiwe sahihi na ndugu wote, la sivyo siku ya kugawana ataambiwa alijitolea.

Bajeti nayo iwe na akiba ya sehemu moja kwa kumi, na bora moja kwa tano, kwa sababu nyumba kongwe haisemi maradhi yake yote kabla ya kufunguliwa. Wasio na fedha za mara moja waweza kugawa kazi kwa miaka mitatu: paa na mifereji mwaka wa kwanza, kuta, mbao na umeme mwaka wa pili, sakafu na rangi mwisho. Wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana Desemba, kisha mvua ya Aprili huifuta kutoka ndani.

Wakati mwafaka wa kufungua paa ni Julai hadi Septemba, kabla ya mvua ya vuli. Likifika juma la kwanza la Oktoba na mabati hayajarudi, lifunikwe kwa turubai nzito lililofungwa kwenye kenchi, na mafundi wahamie ndani kwenye milango hadi Januari.